Baa ya mashoga mtaani kwenu: namna ya kuisaidia ibaki

Baa nyingi za mashoga za London hazikufa kwa kukosa wateja. Kati ya mwaka 2006 na 2017 baa na klabu za LGBTQ (wasagaji, mashoga na wenzao) jijini humo zilishuka kutoka 125 hadi 53. Ukifuatilia sababu, mara nyingi unakuta kodi ya pango iliyopandishwa, jengo lililouzwa ili paote maghorofa, au leseni iliyobanwa kwa malalamiko ya kelele mpaka biashara ikakosa pumzi. Wapenzi wa baa hujitokeza usiku wa mwisho na maua na machozi, wakati karatasi zote zimeshasainiwa.

Mwongozo huu unahusu England, na mifano mingi ni ya London. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao. Ni kwa jirani anayetaka baa ibaki, mteja, mwenye baa, na Mswahili aliyehamia huko ambaye hajui kwamba sahihi yake ina uzito halmashauri.

Anza na karatasi tatu

Baa husimama juu ya leseni ya pombe na muziki, mkataba wa pango, na matumizi ya jengo yaliyoidhinishwa na idara ya mipango miji. Ukizijua hizi utajua hatari itatokea upande gani.

Leseni haina siri. Halmashauri ina daftari la leseni mtandaoni. Andika anwani ya baa, soma. Saa za kufunga zipo ukurasa wa mwanzo, lakini mambo yenyewe yako kwenye Kiambatisho cha 2, yaani masharti ambayo mwenye baa aliyaahidi mwenyewe alipoomba, na Kiambatisho cha 3, masharti yaliyowekwa baada ya kikao cha kamati ya leseni. Humo ndimo utakuta kwamba milango ifungwe saa 4 usiku, wavutaji wasizidi idadi fulani, au chupa zisimwagwe usiku. Ni jambo la kawaida baa kuvunja sharti ambalo wafanyakazi hawajui kama lipo, kwa sababu liliahidiwa na meneja aliyeondoka zamani. Chapisha masharti hayo, yabandike nyuma ya kaunta.

Mkataba wa pango anao mwenye baa. Muulize mambo matatu: unaisha lini, je, uliondolewa kwenye ulinzi wa Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1954, na je, mwenye jengo anaruhusiwa kuuvunja kabla ya muda ili ajenge upya. Mkataba uliobaki ndani ya ulinzi wa 1954 humpa mpangaji haki ya kudai mwingine unapoisha, ingawa mwenye jengo anaweza kupinga kwa hoja kwamba anataka kubomoa. Ulioondolewa hautoi haki hiyo: siku ikifika, funguo zinarudi. Jina la mwenye jengo utalipata kwenye Masjala ya Ardhi kwa paundi chache.

Kuhusu mipango miji, shika tarehe moja. Tangu 23 Mei 2017, kugeuza baa ya England kuwa kitu kingine, au kuibomoa, kunahitaji kibali kamili. Zamani mtu aliweza kuigeuza duka kimyakimya.

Kelele: hapa ndipo vita vingi vinapoanzia

Usipoteze muda kubishana kama mlalamikaji ana chuki. Pengine anayo, lakini afisa wa afya ya mazingira atakayekuja haulizi hayo. Anauliza kinachosikika chumbani saa 6 usiku. Baa iliyomaliza suala la kelele imemwondolea adui silaha yake kubwa.

Kwanza tenganisha kelele za aina mbili, maana dawa zake ni tofauti. Kuna muziki unaopita ukutani na kuna watu walioko nje.

Kinachopita ukutani karibu kila mara ni besi. Masafa ya hezi 63 na 125 hupenya matofali kwa urahisi na hufika kitandani kama mtetemo, bila maneno ya wimbo. Wenye baa wengi hukosea kipimo. Wanashika mita iliyowekwa kwenye mizani ya A, wanaona namba ndogo, wanasema jirani anazusha. Mizani ya A hupunguza hezi 63 kwa desibeli 26 hivi na hezi 125 kwa 16, kwa hiyo kitu chenyewe kinachomnyima mtu usingizi hakionekani. Pima kwa mizani ya C, au bora zaidi kwa kila bendi ya masafa, ukiwa ndani ya chumba cha jirani na madirisha yamefungwa. Programu ya simu inakupa fununu tu. Kikaoni haina uzito mkubwa kama ushahidi.

Fanya kazi kwa mpangilio huu, ukianza na hatua za bei ndogo:

1. Ziba matundu. Uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta unashusha uwezo wa ukuta mzima hadi desibeli 20 hivi, hata ukiwa wa zege. Tafuta nafasi chini ya mlango, tundu la zamani la feni, dirisha la choo lisilofunga vizuri. Mpira wa kuzibia milango ni bei ndogo.
2. Ondoa spika kwenye ukuta mnaochangia na jirani. Spika ya besi isikae moja kwa moja sakafuni wala jukwaani. Iwekee pedi za mpira zilizotengenezwa kwa uzito wake. Spika ndogo nyingi zinazotazama katikati ya ukumbi ni afadhali kuliko mbili kubwa zinazopiga kelele kutoka kona.
3. Weka milango miwili yenye nafasi katikati, ili mmoja uwe umefungwa kabla mwingine haujafunguka. Nafasi ikiwa finyu mno watu watazuia wa kwanza kwa kiti, na mtarudi mlipoanza.
4. Weka kidhibiti cha sauti, kifaa kisichoruhusu muziki upite kiwango kilichopangwa. Fundi wa sauti akipange akiwa na mtu anayesikiliza chumbani kwa jirani, kisha akifunge kwa kufuli. Ufunguo akae nao meneja, siyo DJ.

Hatua ya nne huharibika kwa njia moja ile ile: DJ mgeni anakuja na spika zake, anazichomeka kwenye soketi ya kawaida, na kidhibiti kinabaki kulinda mfumo ambao hautumiki. Soketi zote za jukwaani zipite kwenye kidhibiti.

Halafu kuna kiangazi. Baa isiyo na hewa ya kutosha hufungua madirisha mwezi Julai, na kazi yote hiyo inatoka nje pamoja na joto. Kama pesa haitoshi kwa vyote, nunua mfumo wa hewa kabla ya kidhibiti.

Jambo moja ambalo hata majirani wema hawalijui: kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku, muziki wa kupigwa moja kwa moja kwenye baa yenye leseni, mbele ya watu wasiozidi 500, hauhitaji ruhusa ya ziada, na kwa kawaida masharti ya muziki kwenye leseni hayatumiki katika saa hizo. Mwenye baa asilitumie kama ngao. Leseni ikipelekwa kwenye mapitio, yaani ikijadiliwa upya kwa sababu ya malalamiko, halmashauri inaweza kuyarudisha masharti hayo na kuongeza mengine.

Watu walioko nje ni kazi ngumu zaidi kuliko besi, maana hakuna fundi wa kupunguza vicheko. Wavutaji ndio chanzo kikuu. Panga sehemu yao mbali na madirisha ya vyumba vya kulala, weka idadi, na baada ya saa 4 usiku wasitoke na glasi. Mtu mwenye kinywaji mkononi hukaa nje nusu saa; asiye nacho humaliza sigara akarudi ndani.

Kufunga kuna ratiba yake. Kama baa inafunga saa 6 usiku, saa 5 na nusu punguza muziki na mwendo wa nyimbo; robo saa baadaye washa taa nusu; wateja waitie teksi wakiwa ndani, siyo ukingoni mwa barabara. Baunsa wawili, wenye leseni ya mamlaka ya ulinzi binafsi, wasimame nje mpaka mtu wa mwisho apite kona. Na tangazo la kuondoka alitoe mtumbuizaji wa drag mwenyewe, yaani msanii anayetumbuiza akiwa amevaa na kujipamba kama malkia. Bango la "Tafadhali heshimu majirani" halisomwi na mtu; malkia mwenye kipaza sauti akisema atakayepiga kelele nje ataimbishwa wiki ijayo, watu hutoka kwa adabu.

Chupa zifungwe ndani ya mifuko usiku na zimwagwe kwenye pipa baada ya saa 3 asubuhi. Malalamiko mengi huanza na sauti hii moja ya chupa 200 kuanguka saa 7 usiku, baada ya wateja wote kuondoka salama.

Jirani wa juu

Toa namba ya simu inayopokelewa na meneja wa zamu wakati baa iko wazi. Iwe simu ya mkononi mfukoni mwake, yenye mtetemo. Simu ya kaunta haisikiki kwenye muziki, na jirani akipiga mara tatu bila jibu, ya nne ataipiga halmashauri.

Kila simu iandikwe kwenye daftari papo hapo. Mstari mmoja unatosha: "Ijumaa, saa 5:20 usiku. Ghorofa ya 2 kushoto. Besi chumba cha nyuma. Nimeenda kusikiliza kutoka uani, inasikika. Sauti imeshushwa saa 5:26. Nimempigia, amesema sasa sawa." Daftari la namna hii likiletwa kikaoni lina nguvu kuliko wakili. Lenye mapengo ya miezi miwili halina, kwa sababu inaonekana liliandikwa kwa mkupuo mmoja.

Kutana na majirani kila baada ya miezi mitatu, nusu saa, saa 12 jioni. Wengi hukosea mahali: wanaalika mkutano ndani ya baa, kisha wanashangaa nusu ya mtaa haikuja. Wapo Waislamu na Walokole ambao hawataingia penye pombe, lakini wana hoja halali kuhusu pipa la taka. Omba chumba cha maktaba au ukumbi wa jumuiya. Tazama kalenda: usipange wakati wa kufuturu Ramadhani wala Ijumaa mchana. Andika yaliyokubaliwa kwenye ukurasa mmoja, upenyeze milangoni ndani ya wiki.

Ikiwa jirani ni mzee wa kwetu, kutoka Tanga, Mombasa au Bukavu, mwendee kama unavyomwendea mzee. "Shikamoo mama. Nimesikia jana hamkulala vizuri. Ilikuwa saa ngapi, na mlisikia mkiwa chumba kipi?" Akianza na dini, msikilize, kisha rudi kwenye saa na chumba. Hatakuja kuipenda baa, na hana haja ya kuipenda. Unachotaka ni ajue kwamba akipiga simu, sauti inashuka. Mwenye shaka wa aina hii akikaa kimya siku ya kikao, mmepata kura nzima.

Barua ya leseni, na namna ya kuiandika ihesabike

Baa ikiomba leseni mpya au kuongeza saa, lazima ibandike nje tangazo la rangi ya samawati hafifu kwa siku 28 mfululizo. Mabadiliko madogo huwa na tangazo jeupe na siku 10 za kazi tu. Mtu au taasisi ikiomba leseni ipitiwe upya kwa sababu ya malalamiko, napo kuna siku 28. Barua ikichelewa siku moja haisomwi.

Wapinzani huandika kwa sababu wameudhika. Marafiki hudhani mambo yatakwenda yenyewe. Halafu kamati ya madiwani watatu inafungua faili: pingamizi 14, barua za kuunga mkono sifuri. Sheria inaruhusu barua za kuunga mkono sawasawa na za kupinga, na yeyote anaweza kuandika. Huhitaji kuwa raia wala kuwa kwenye daftari la wapiga kura.

Barua zote hupimwa kwa malengo manne ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003: kuzuia uhalifu na vurugu, usalama wa umma, kuzuia kero kwa umma, na kulinda watoto. Nje ya hayo manne unapoteza wino. "Hii ni baa nzuri na wanaoipinga ni wabaguzi" haina pa kushika. Linganisha na hii:

"Naishi namba 14, mita 30 kutoka mlango wa baa. Chumba changu cha kulala kinatazama barabarani. Kwa miaka minne muziki haujaniamsha. Mwezi Machi wavutaji walipiga kelele, nikampigia meneja, wakaingizwa ndani baada ya dakika tano na hawakurudia. Narudi kutoka zamu ya hospitali saa 7 usiku, na baunsa wakiwa mlangoni natembea bila wasiwasi. Baa ilipofungwa kwa ukarabati, kona hiyo ilikuwa na watu wanaouza dawa."

Barua hii imegusa malengo mawili, ina umbali, muda na tukio lililoshughulikiwa. Hata kero imetajwa, na ndiyo maana inaaminika. Barua 10 za namna hii zilizoandikwa na watu 10 kwa maneno yao ni bora kuliko 200 zilizonakiliwa kutoka kiolezo kimoja. Kamati huzihesabu hizo za kunakiliwa kama barua moja yenye sahihi nyingi.

Sasa jambo la hatari, hasa kwa watu wetu. Jina na anwani yako hupelekwa kwa mwombaji na kwa kawaida huingia kwenye ripoti inayosomwa na umma. Maoni ya mipango miji nayo huchapishwa mtandaoni. Kama hujajitangaza kwa ndugu, fikiri kabla ya kutuma. Kuficha jina huruhusiwa kwa nadra sana. Njia salama ni kumweleza diwani wako, ambaye anaweza kuandika kwa jina lake, au chama cha wakazi kiandike kwa niaba ya wote.

Kikao huitishwa ndani ya siku 20 za kazi baada ya muda wa barua kwisha. Utapewa taarifa siku 10 za kazi kabla, na unatakiwa ujibu angalau siku 5 za kazi kabla kama utakuja. Kila upande hupewa muda sawa, na mara nyingi ni dakika chache za kugawana, kwa hiyo chagueni wasemaji wawili: mmoja anayeishi karibu kabisa, mwingine wa kuzungumzia usalama. Yeyote akisoma barua yake neno kwa neno anachosha kamati, kwa sababu wameshaisoma. Upande usioridhika una siku 21 za kukata rufaa mahakama ya mahakimu.

Hoja ya usawa ina mahali pake. Kifungu cha 149 cha Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 kinaitaka halmashauri izingatie athari za uamuzi wake kwa watu wenye sifa zinazolindwa, mwelekeo wa kijinsia ukiwamo. Iweke mwishoni, baada ya ushahidi wa mtaa. Sheria hiyo hiyo inaibana baa pia: haiwezi kumkatalia mtu mlangoni kwa kuwa anapenda jinsia tofauti. Inaweza kumkatalia kwa tabia yake.

Kwa usiku mmoja wa pekee, kama Pride, sherehe ya kila mwaka ya LGBTQ, ipo ilani ya tukio la muda kwa paundi 21. Ipelekwe angalau siku 10 za kazi kabla, watu wasizidi 499 pamoja na wafanyakazi, na kwa jengo moja idadi yake kwa mwaka ina kikomo. Ni polisi na afya ya mazingira tu wanaoweza kuipinga. Kwa vile majirani hawana sauti kisheria, waambie mapema. Mkiwashtukiza, watakumbuka kwenye mapitio yajayo.

Mteja

Ijumaa na Jumamosi baa inajaza yenyewe. Pesa inayookoa pango ni ya Jumatatu hadi Jumatano, kwa hiyo peleka huko kikao cha kwaya, darasa la lugha, siku ya kuzaliwa. Soda ina faida nzuri kuliko bia, na mtu asiyekunywa pombe hana deni la kuomba radhi.

Usipige picha watu. Kwa Mzungu wa hapo ni suala la adabu. Kwa Mkenya au Mganda aliyekaa kona ile linaweza kuwa suala la maisha. Kenya sheria ya adhabu inataja hadi miaka 14, Tanzania hadi kifungo cha maisha, na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 imefika hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Picha inayowekwa kwenye kundi la WhatsApp usiku inaweza kuwa imefika kijijini kwao asubuhi. Baa iwe na kona isiyopigwa picha na baunsa walijue hilo. Makundi ya bibi harusi mtarajiwa, wanaokuja kumi na mbili na mishipi ya plastiki kutazama drag, yaelezwe hivyo mlangoni kabla ya kulipa.

Jengo likinukia kuuzwa

Usisubiri bango la dalali. Halmashauri ina orodha ya mali zenye thamani kwa jumuiya, iliyoanzishwa na Sheria ya Ujanibishaji ya mwaka 2011. Kwenye tovuti tafuta fomu ya Asset of Community Value. Maombi ni bure. Kundi lisilosajiliwa linaweza kuomba kama lina wanachama angalau 21 walioandikishwa kupiga kura katika halmashauri hiyo au ya jirani. Hapa Waswahili wengi hujiondoa bure. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi zao zimo Jumuiya ya Madola, wana haki ya kujiandikisha kupiga kura wakiwa na kibali cha kuishi. Mkongomani au Mrundi hana haki hiyo mpaka awe raia wa Uingereza, au wa nchi nyingine inayoruhusiwa. Kusanya majina 30 badala ya 21, maana kila mara wapo waliohama bila kubadilisha anwani, na maombi yakibaki na majina 20 yanarudishwa.

Eleza matumizi ya sasa kwa vitu vinavyohesabika: kikundi gani hukutana, siku gani, watu wangapi, tangu lini. Chora mpaka wa jengo kwa uangalifu na utofautishe vyumba vya kuishi vya juu, kwa kuwa wanasheria wa mwenye jengo hupenda kushambulia hapo. Halmashauri ina wiki 8 za kuamua.

Jengo likiorodheshwa, mwenye jengo anayetaka kuuza lazima aiarifu halmashauri. Kundi la jumuiya lina wiki 6 za kusema kwamba linataka kununua, na likisema hivyo, uuzaji unasimama hadi miezi 6 tangu ilani ilipotolewa. Mwenye jengo halazimiki kuwauzia. Mwezi Julai 2025 serikali ilipeleka bungeni mswada wa kuupa utaratibu huu meno zaidi, ukiwamo mwaka mzima wa kusubiri. Muulize afisa wa halmashauri kanuni ipi inatumika siku unayoomba.

Mipaka ya orodha hii ijue mapema. Haizuii mwenye jengo kufunga mlango. The Black Cap, baa ya mashoga ya Camden, London, iliorodheshwa na bado ikafungwa Aprili 2015. Wala haigusi pango la chini ya miaka 25. Royal Vauxhall Tavern, baa nyingine ya London, ilipata ulinzi mzito zaidi Septemba 2015, iliposajiliwa kuwa jengo la kihistoria la Daraja la II kwa sababu ya historia yake ya LGBTQ. Usajili wa namna hiyo unalinda jengo, kuta na jukwaa. Biashara iliyo ndani haulindi.

Maghorofa yakipandishwa jirani

Hii ndiyo hatari ambayo watu huiona wamechelewa. Mjenzi anapata kibali, wapangaji wapya wanahamia, na mwezi wa pili wanalalamikia baa waliyoikuta. Tangu mwaka 2018 sera ya taifa ya mipango inasema anayeleta mabadiliko ndiye abebe gharama ya kuzuia kelele, na Mpango wa London wa 2021 unarudia hilo kwenye sera D13. Sera HC7 inalinda baa zenyewe.

Sera haifanyi kazi bila mtu wa kuitaja. Jiandikishe upate barua pepe za maombi ya ujenzi ya kata yako. Muda wa maoni ni siku 21. Dai vitu vilivyo wazi: kipimo cha kelele kifanywe Jumamosi usiku baa ikiwa imejaa, siyo Jumanne mchana, vyumba vya kulala vitazame upande wa pili, madirisha yafunguke kwa hiari huku hewa ikiingia kwa njia nyingine, na jaribio lifanywe kabla ya mtu kuhamia, kwa bendi za hezi 63 na 125. Kwa jengo lililoshikana na baa, omba pia hati ya kukubali kelele, ambayo humfunga kila mnunuzi ajaye. Klabu ya Ministry of Sound ilipata hati ya namna hiyo kwa maghorofa ya jirani yake.

Na kama baa yenyewe ndiyo inayobomolewa, dai nafasi mpya iandikwe kwenye kibali. Mwaka 2017 halmashauri ya Tower Hamlets, London, ilikubali ujenzi mahali pa Joiners Arms, baa ya mashoga iliyofungwa Januari 2015, kwa sharti kwamba jengo jipya liwe na baa ya LGBTQ. Ukidai hivyo, taja ukubwa wa ukumbi, saa za kufunga na kiwango cha pango. Nafasi ndogo inayofunga saa 4 usiku kwa kodi ya soko itabaki tupu, na baada ya mwaka mjenzi ataomba aigeuze mgahawa.

Mkifika kununua

Sajilini ushirika wa manufaa ya jumuiya chini ya sheria ya mwaka 2014. Unahitaji wanachama watatu kuanza, unaweza kuuza hisa kwa umma, na kila mwanachama ana kura moja awe amenunua hisa za paundi 50 au 5,000. Kundi la marafiki wa Joiners Arms lilikusanya pesa kwa njia hii. Sajilini kabla jengo halijatangazwa, kwa sababu kufungua akaunti ya benki ya ushirika kunaweza kula wiki nyingi za ile miezi 6.

Orodha ya halmashauri hudumu miaka 5 kisha jina hufutwa lenyewe, bila barua ya kukukumbusha. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda za watu watatu tofauti na upeleke maombi mapya miezi mitatu kabla, na majina 30 yaliyohakikiwa upya.